Pua, Ulimi na Ubunifu wa Hisi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaotengeneza vitu vya kuliwa, kunywewa, kupakwa na kukaliwa: wapishi, watengenezaji wa sabuni na manukato, wasanifu wa majengo, wauguzi wanaolisha wagonjwa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Mengine hayahitaji zaidi ya aya moja.

Ubunifu wa hisi ni nini?

Ni kupanga kwa makusudi kile ambacho mtu atakiona, atakisikia, atakigusa, atakinusa na atakionja anapokutana na kitu au mahali. Hata pasipo mpango, hisi hizo hazikai bure. Kabati jipya hunuka gundi. Chupa ya plastiki iliyokaa juani huyapa maji ladha. Rangi ya ukuta, zulia, mpira wa mlango wa jokofu, wino wa karatasi ya kufungashia, vyote hutoa molekuli zinazofika puani. Mtu anayeniambia bidhaa yake haina harufu, kwa kawaida hajawahi kuinusa kwa makini. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kilichopo tayari, kabla ya kuongeza chochote.

Ukurasa huu unahusu pua na ulimi. Ndizo hisi zinazokumbukwa mwisho, umbo na rangi vikiwa vimeshapitishwa na hakuna tena nafasi ya kurekebisha.

Ladha iko wapi, ulimini au puani?

Chukua pipi yenye ladha ya tunda. Bana pua, itie mdomoni, itafune. Utapata utamu, labda na uchachu kidogo, basi. Sasa achia pua. Tunda linatokea papo hapo, kana kwamba mtu amelidondosha mdomoni. Ulimini hakuna kilichobadilika. Hewa ya mdomoni ndiyo imepata njia ya kupanda nyuma ya kaakaa hadi puani.

Orodha ya ulimi ni fupi: utamu, uchungu, uchachu, chumvi na umami, ile ladha nzito ya mchuzi uliochemka muda mrefu, ambayo mkemia wa Japani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 alipochunguza mwani wa kombu na kukuta glutameti. Vanila, limau, kahawa, moshi, waridi, karafuu: haya tunasema tunayaonja, na kwa kweli tunayanusa kupitia mlango wa nyuma.

Pua, basi, ina milango miwili. Wa mbele hutupa habari za ulimwengu ulio nje yetu. Wa nyuma hutupa habari za kilichokwisha kuingia mdomoni. Mwanasaikolojia Paul Rozin aliandika kuhusu pande hizi mbili mwaka 1982, na tangu hapo ni vigumu kuzungumzia ladha bila kuzitaja. Zinaeleza kwa nini jibini linaloweza kumfukuza mtu chumbani humpendeza likifika kinywani, na kwa nini kahawa inayochemka huahidi zaidi ya ile iliyo kwenye kikombe.

Mbunifu apate nini hapa? Mengi sana. Kifuniko cha kikombe chenye tundu dogo hufunga mlango wa mbele, na mnywaji hupokea nusu ya kinywaji chake. Mrija hufanya vivyo hivyo. Glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba hukusanya mvuke na kuuelekeza puani kabla ya funda la kwanza. Mlango wa nyuma nao husukumwa na kutafuna na kumeza. Kila tunapomeza, pumzi ndogo yenye harufu hupanda puani. Chakula kilichosagwa kikawa uji hakitafunwi, hivyo hutoa harufu kidogo na kwa muda mfupi, na ndiyo maana mgonjwa hulalamika kuwa ni chapwa hata kikiwa na viungo vilevile. Kukirushia chumvi zaidi ni kutibu mahali pasipouma. Kipe harufu ya mlango wa mbele, kikiwa cha moto, bakuli likiwa wazi na karibu na uso.

Ile ramani ya ulimi, utamu mbele na uchungu nyuma, ni ya kweli?

Hapana. Mwaka 1901 Mjerumani David Hänig alipima tofauti ndogo za wepesi wa kuhisi kati ya sehemu za ulimi. Mwaka 1942 Edwin Boring alizichora upya kwa namna iliyowafanya wasomaji waone mipaka mahali palipokuwa na miinuko midogo tu. Virginia Collings alipima tena mwaka 1974 na kukuta tofauti zipo, ila ni ndogo mno kuwa na maana mezani. Kila sehemu yenye vinundu vya ladha huhisi ladha zote tano. Ukiona kijiko au glasi inayonadiwa kwamba "hupeleka kinywaji kwenye eneo la utamu", weka fedha yako mfukoni.

Pua inatofautishaje harufu nyingi hivyo?

Linda Buck na Richard Axel walichapisha mwaka 1991 ugunduzi wa kundi kubwa la jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina karibu 400 za vipokezi hivyo vinavyofanya kazi. Kila seli ya kunusia hubeba aina moja. Molekuli moja huamsha aina kadhaa kwa pamoja, na aina moja huitika kwa molekuli kadhaa. Ubongo husoma mpangilio mzima, kama tunavyosoma neno na si herufi mojamoja.

Kutokana na hayo, mambo matatu humshangaza kila anayeanza kazi hii.

La kwanza ni kwamba kipimo hubadilisha harufu yenyewe. Indoli, moja ya molekuli za harufu ya asmini, ikiwa chache mno husaidia kuipa asmini uhai wake. Ikizidi hunuka kinyesi. Molekuli ikiongezeka huamsha vipokezi ambavyo mwanzoni vilikuwa kimya, na neno linasomeka vingine. Ukiambiwa "iongeze mara mbili tu", jua unaweza kupata kitu kingine kabisa.

La pili, mizani haisemi lolote kuhusu nguvu ya harufu. Jeosmini, ile harufu ya udongo uliopata mvua, hutambuliwa na pua ya binadamu ikiwa sehemu chache tu katika trilioni ndani ya maji. Vitu vingine huhitaji wingi mara mamilioni kabla ya kusikika.

La tatu, hakuna harufu tatu za msingi unazoweza kuchanganya ukapata zote, kama skrini inavyochanganya nyekundu, kijani na bluu. Wanaouliza kuhusu skrini za kunukia, hili ndilo jibu lao. Smell-O-Vision, mfumo wa kupuliza harufu ukumbini, ilijaribiwa kwenye sinema mwaka 1960, na majaribio mengine yamefuata, lakini tatizo la pili ni gumu kama la kwanza: picha huzimwa kwa kubonyeza kitufe, harufu hubaki chumbani na kuchanganyika na inayofuata.

Pilipili inawaka na mnanaa unapoza. Hizo nazo ni ladha?

Ni mguso. Neva ya uso inayoitwa trijemina ina matawi machoni, puani na mdomoni, na kazi yake ni kuripoti joto, baridi, maumivu na mwasho. Kapsaisini ya pilipili huamsha kipokezi kilekile kinachoamshwa na joto la kuunguza. David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997. Mentoli huamsha kipokezi cha baridi. Kwa hiyo pilipili "inawaka" ni ripoti ya kweli ya neva iliyodanganywa. Julius na Ardem Patapoutian walipata Nobel mwaka 2021 kwa kazi zao kuhusu vipokezi vya joto na mguso.

Ukakasi nao uko upande huu. Tanini za chai nzito au ndizi mbichi hushikana na protini za mate, utelezi wa mate unapotea, na ulimi unakwaruza. Kiswahili kimeutofautisha ukakasi na uchungu tangu zamani, wakati watu wa lugha nyingi huvichanganya kwenye karatasi za majaribio. Itumie bahati hiyo. Mwonjaji akisema "chungu", muulize kwanza kama ni uchungu au ukakasi, maana tiba zake ni tofauti.

Dawa ya meno ni somo zuri. Ubaridi wa mentoli hausafishi jino lolote, ila unamwambia mtu kwamba kazi imefanyika. Bila ubaridi huo, wengi wangehisi meno bado machafu. Mtu anahitaji alama ya mwisho wa tendo, na trijemina hutoa alama hiyo kwa ukali kuliko pua.

Kuna bidhaa ambayo harufu au ladha yake inaokoa maisha?

Zipo, na kwangu hizi ndizo kazi bora kabisa za fani hii.

Gesi asilia yenyewe haina harufu. Tarehe 18 Machi 1937, gesi iliyovuja bila kujulikana ililipua shule ya New London huko Texas, Marekani, na watu karibu 300 wakafa, wengi wao watoto. Baada ya hapo sheria zililazimisha gesi itiwe viambato vyenye salfa, aina ya merkaptani, ambavyo pua huvikamata vikiwa vichache mno hewani. Hebu tazama jinsi uchaguzi ulivyo sahihi. Harufu hiyo ni mbaya, haifanani na chakula, si ya kawaida nyumbani, na hutangulia mbali kabla gesi haijafikia wingi wa kulipuka. Uzuri wake wote uko kwenye ubaya wake.

Upande wa ulimi kuna denatoniamu, iliyopatikana mwaka 1958 huko Uskoti. Ni kitu kichungu kuliko karibu vyote vinavyojulikana, na hutiwa kwenye sabuni za maji na vimiminika vya sumu ili mtoto ateme funda la kwanza. Uchungu ndio ladha ambayo ulimi wetu umeiwekea aina nyingi zaidi za vipokezi, karibu 25, kwa sababu mimea mingi yenye sumu ni michungu. Mbunifu hapa hakubuni hisia mpya. Alitumia ulinzi uliokuwepo tangu zamani.

Sasa kikomo chake. Mwaka 2004 Mary Carskadon na Rachel Herz walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba watu waliolala usingizi mzito hawaamshwi na harufu, hata ya kitu kinachonuka vibaya. Pua haiaminiki usiku. Ndiyo maana watafiti wa Japani waliobuni kengele ya moto kwa viziwi walitumia mvuke wa wasabi, unaochoma puani kama haradali. Mvuke huo huamsha trijemina, na trijemina hailali.

Kwa nini harufu moja humpendeza huyu na kumchukiza yule?

Habari za macho na masikio hupita kwanza kituo cha katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi. Za pua huenda moja kwa moja kwenye maeneo yanayopakana na hisia za moyoni na kumbukumbu. Mtu huanza kupenda au kuogopa kabla hajajua ananusa nini. Na kwa kuwa upendo huo au hofu hiyo imefunzwa na maisha, kila mmoja ana funzo lake. Mfano unaotajwa sana ni mafuta ya wintagrini: katika tafiti za zamani Waingereza waliichukia harufu yake kwa kuwa waliijua kwenye dawa za kuchua, Wamarekani wakaipenda kwa kuwa waliijua kwenye pipi. Molekuli ni ileile.

Usiamini, basi, orodha zinazosema "lavenda hutuliza, limau huchangamsha" kana kwamba ni sheria za fizikia. Lavenda inaweza kumtuliza aliyeizoea kwenye shuka za bibi yake na kumkosesha amani aliyeizoea kwenye chumba cha hospitali. Uliza watu wako walikutana nayo wapi mara ya kwanza. Harufu wasiyoijua kabisa ina faida hii: kumbukumbu yake bado haijaandikwa, na wewe ndiye utakayeiandika.

Macho na masikio yanaingiaje kwenye ladha?

Kwa Kiswahili tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia ladha, tunasikia baridi. Kitenzi ni kimoja, na maabara zimekipa haki.

Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa waliwapa wanafunzi 54 wa utaalamu wa mvinyo huko Bordeaux mvinyo mweupe, kisha mvinyo uleule uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Walipoueleza ule wa pili walitumia maneno ya mvinyo mwekundu. Hawa hawakuwa watu wasiojua. Ujuzi wao ndio uliowaponza, maana jicho lilikuwa limeshawaambia wategemee nini.

Mwaka 2004 Massimiliano Zampini na Charles Spence waliwapa watu vipande vya viazi vya kukaanga wang'ate huku wakisikia mlio wao wenyewe kupitia vipaza sauti vya masikioni. Mlio ulipoongezwa, hasa ule mwembamba wa juu, vipande vilevile vilionekana vikavu na vipya zaidi. Ndani ya ndege nako, utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kelele kubwa kama ya kwenye ndege hupunguza utamu na kuongeza umami. Anayepanga chakula cha mahali penye kelele aegemee umami, asirushe sukari.

Naomba hapa tahadhari moja. Tafiti zinazounganisha rangi za sahani, maumbo ya duara au muziki na ladha ni nyingi na zinavutia, lakini athari zake mara nyingi ni ndogo na hubadilika kulingana na watu. Rangi ya sahani haitakiokoa chakula kisichokolea.

Nawezaje kupunguza sukari au chumvi bila watu kukataa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake lina faida kwa mwili wa mtu.

Anza na harufu. Vanila haina utamu wowote ulimini, lakini kwa mtu aliyeizoea kwenye vitu vitamu, harufu yake huongeza utamu anaousikia. Vivyo hivyo harufu za vyakula vya chumvi huinua chumvi. Njia hii hutegemea mazoea. Vanila haitafanya kazi hiyo kwa mtu ambaye hajawahi kuikuta pamoja na sukari.

Kisha angalia joto. Utamu husikika zaidi kitu kikiwa na uvuguvugu kuliko kikiwa baridi sana, na aiskrimu iliyoyeyuka ni tamu kupita kiasi kwa sababu hiyo. Imeundwa kwa ulimi uliogandishwa. Kinywaji kinachonywewa baridi na kilekile kikinywewa cha kawaida ni vinywaji viwili.

Tazama na mahali kiungo kilipo. Chumvi iliyotandazwa sawasawa ndani ya kitu huzoeleka haraka. Ikiwekwa juu, kwa chembe laini zinazoyeyuka upesi, au kwa tabaka lenye nyingi likifuatiwa na lenye chache, kidogo husikika kama nyingi. Kumbuka pia kwamba chumvi kidogo huzima uchungu, na uchungu ukizimwa utamu uliokuwa umefunikwa hujitokeza. Wakati mwingine kinachohitajika kwenye kinywaji kichungu ni punje chache za chumvi, na kijiko cha sukari kinabaki kwenye kopo.

Mwisho, nenda polepole. Uingereza ilipunguza chumvi kwenye mkate hatua kwa hatua kwa miaka mingi na ndimi zikafuata. Usitangaze kwa herufi kubwa mbele ya pakiti. Neno "imepunguzwa" huonjwa kabla ya chakula. Andika ukweli wote kwenye orodha ya viambato, kwa usahihi, na uache ulimi uamue.

Kwa nini siisikii tena harufu niliyoiweka chumbani?

Kwa sababu pua yako iko sawa. Hutupilia mbali kisichobadilika ili iwe tayari kwa kipya, na huanza kufanya hivyo ndani ya dakika chache. Niliwahi kuwa kwenye timu iliyopanga harufu ya ukumbi wa mapokezi. Tulikaa humo asubuhi nzima, kila baada ya saa mmoja wetu akisema haitoshi, nasi tukaongeza. Alasiri akaingia mgeni wa kwanza, akasimama mlangoni na kujifunika pua kwa mtandio. Sote tulikuwa tumezoea. Yeye pekee ndiye aliyeinusa kazi yetu.

Tangu siku ile nina kanuni ambayo siivunji: anayeamua kipimo lazima awe ametoka nje, kwenye hewa safi, na anaingia upya. Weka harufu karibu na mlango, ambapo watu hupita, badala ya mahali wanapokaa. Itoe kwa vipindi, ikome, irudi. Na ikiwa mfanyakazi wa humo anasema haisikiki, usiguse kidhibiti cha mashine kabla hujamuuliza aliyeingia sasa hivi.

Nitajaribuje kazi yangu kwa njia ya kuaminika?

Usiulize "umeipenda?" kabla hujajua kama mtu anaona tofauti yoyote. Jaribio la pembetatu ndilo mlango: sampuli tatu, mbili zikiwa sawa, na mtu ataje isiyofanana na wenzake. Anayebahatisha atapatia mara moja katika tatu. Kwa watu 24, wanane watapatia kwa bahati tu. Unahitaji angalau 13 ili kusema, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 5, kwamba tofauti ni ya kweli. Kwa watu 30 unahitaji 15. Nimeona timu zikibadili kiambato ghali kwa cha rahisi kisha kubishana wiki nzima kama kimeharibu ladha, ilhali jaribio hili lingewajibu kwa asubuhi moja.

Vipe vikombe namba za tarakimu tatu zisizo na mpangilio, maana "A" na "1" hujipendelea. Badilisha mpangilio wa kuonja kati ya mtu na mtu. Joto liwe moja. Rangi zikitofautiana, tumia taa nyekundu. Asiwepo aliyejipaka manukato. Kati ya sampuli, maji na pumziko.

Jopo la waonjaji lililofunzwa hueleza kilichopo. Halifai kuulizwa kama linapenda, kwa kuwa mafunzo yamelitenga na watu wa kawaida. Upendeleo waulize watakaotumia kitu hicho. Jopo nalo lipe maneno yenye mfano halisi mezani. Msamiati tunao: uvundo, shombo, ukakasi, uchachu, chapwa, na kitenzi "kolea", kinachosema kwa neno moja kwamba kiungo kimefikia mahali pake. Hata kunuka na kunukia tumevitenganisha. Kazi iliyobaki ni kukubaliana kila neno linasimama na kikombe kipi.

Ni haki kuweka harufu mahali pa watu wote?

Mtu akichukizwa na tangazo hufumba macho. Hawezi kuacha kupumua. Mwishoni mwa 2006 vituo vitano vya basi huko San Francisco viliwekewa harufu ya biskuti ili kutangaza maziwa. Malalamiko yakaja, na harufu ikaondolewa baada ya siku moja hivi. Wapo wenye pumu, wenye kipandauso, wenye mzio. Umoja wa Ulaya ulianza kwa kudai viambato 26 vya manukato vinavyojulikana kuleta mzio vitajwe kwenye vipodozi, na mwaka 2023 orodha ikapanuliwa kupita 80. Msimamo wangu ni huu: hospitalini, shuleni, kwenye vyombo vya usafiri na popote mtu asipoweza kuondoka, ubunifu mzuri wa harufu ni hewa safi na vifaa visivyonuka. Manukato yakae mahali ambapo mtu amechagua kuingia.

Je, watu wote hunusa na kuonja sawa?

Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox alikuwa akimimina poda maabara, ikapeperuka, mwenzake akalalamika kwamba hewa imekuwa chungu. Fox hakusikia chochote. Tofauti hiyo hurithiwa, na jeni yake, TAS2R38, ilitambuliwa mwaka 2003. Kwenye pua ni vivyo hivyo: molekuli ya androstenoni kwa wengine hunuka mkojo, kwa wengine ni tamu kama vanila, na wengine hawaisikii kabisa, na mwaka 2007 tofauti hizi zilihusishwa na kipokezi kimoja kiitwacho OR7D4. Ongeza umri, unaopunguza kunusa taratibu bila mwenyewe kujua, na mafua, na uvutaji wa sigara. Mbunifu anayetegemea pua yake mwenyewe anabuni kwa ajili ya mtu mmoja.

Mzazi wangu amepoteza uwezo wa kunusa. Ubunifu unaweza kumsaidia?

Unaweza, na tangu UVIKO-19 swali hili nalipata mara nyingi. Wengi husema "sionji kitu", ilhali ulimi wao ni mzima. Umebaki mlango wa ulimi na ule wa trijemina. Wapikie kwa kile wanachokisikia: kinacholia kikitafunwa kando ya kilicho laini, cha moto pamoja na cha baridi, uchachu wa limau, umami, pilipili kama wanaipenda, mnanaa. Rangi ziwe tofauti kwenye sahani. Chakula cha aina moja kilichosagwa ndicho adhabu kubwa kwao.

Nyumbani, weka kifaa cha kutambua gesi na cha moshi, kwa sababu ile merkaptani haiwalindi tena. Andika tarehe kwenye kila chombo cha chakula kilichohifadhiwa, wasitegemee kunusa kama kimechacha.

Na kuna mazoezi. Thomas Hummel na wenzake huko Dresden walichapisha mwaka 2009 utaratibu rahisi: harufu nne, waridi, mkalitusi, limau na karafuu, zinanuswa asubuhi na jioni kwa wiki 12. Baadhi hupata nafuu, si wote, na daktari aulizwe kwanza chanzo cha tatizo. Tengeneza vichupa vinne vya kioo cheusi, pamba ndani, kifuniko kinachofunguka kwa mkono dhaifu. Jina la kila harufu liandikwe kwa herufi kubwa mbele, maana mzazi anatakiwa alisome na kuikumbuka harufu hiyo wakati pua inaitafuta. Sekunde 10 au zaidi kwa kila kichupa, pumziko fupi, kisha kinachofuata.